Nyongo ikiganda: kuanzia kutapika kwa kwanza hadi miezi ya baada ya upasuaji

Karibu kila mara huanza na jambo dogo. Mbwa wa miaka 9 au 10 anabakiza nusu ya chakula asubuhi, jioni anakula chote. Siku 3 baadaye anatapika povu la manjano alfajiri, kisha anatikisa mkia kama kawaida. Mwenyewe anasema labda amelamba uchafu nje, anampumzisha tumbo siku moja, mambo yanatulia. Baada ya wiki 2 yanarudi. Watu waliouguza mbwa wenye ugonjwa wa kifuko cha nyongo wakikaa wakakumbuka, wengi hugundua kwamba vipindi vya namna hii vilipita wiki nyingi kabla ya siku ya hatari, na hakuna aliyeviandika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mbwa huyaficha kwa maumbile yake tu.

Kwa hiyo anza na daftari. Andika tarehe, saa, alichotapika, alichokula kabla ya hapo, rangi ya mkojo na rangi ya kinyesi. Mpime uzito kila wiki, siku ileile, kwa mizani ileile. Daktari wa mifugo akiambiwa "hutapikatapika kidogo" atatoa dawa ya kutuliza tumbo. Akionyeshwa kwamba mbwa ametapika mara 6 ndani ya siku 40, mara 4 kati ya hizo baada ya chakula chenye mafuta, na amepungua nusu kilo, atafikiria ini, kongosho na nyongo siku hiyohiyo.

Kifuko chenyewe kimelala katikati ya pande za ini, upande wa kulia. Ini linatengeneza nyongo usiku na mchana. Kifuko kinaipokea, kinanyonya maji yake hadi inakolea, na mbwa anapokula, hasa mafuta, utumbo unatoa homoni inayokifanya kibane na kuisukuma nyongo kwenye mrija hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Mrija huo unaingia utumboni karibu kabisa na kongosho, na ujirani huo unaeleza mengi: kongosho likivimba linaubana mrija, nyongo inarudi nyuma, mbwa anageuka manjano ingawa kifuko chake hakina kasoro. Tatizo la aina hiyo mara nyingi huisha kongosho likipona, bila kisu. Ndiyo sababu haifai mtu kukimbilia hitimisho kwa kuona umanjano peke yake.

Magonjwa ya kifuko ni kadhaa. Bakteria wanaweza kukivimbisha, na kwa mbwa wenye kisukari wakati mwingine bakteria hao hutoa gesi inayoonekana kwenye eksirei. Mawe hupatikana pia, lakini si kama ya binadamu: ya mbwa mara nyingi ni ya chokaa na rangi ya nyongo, si ya kolesteroli, kwa hiyo dawa za kuyayeyusha hazina kazi kubwa kwao, na mengi hugunduliwa kwa bahati bila kuwa yamewahi kumuumiza mbwa. Ugonjwa unaotaka umakini kuliko yote ni mukosele. Hapa utando wa ndani ya kifuko unatoa ute kupita kiasi. Ute unachanganyika na nyongo, unakuwa jeli ngumu ya kijani iliyokaribia weusi, na hauwezi tena kupita kwenye mrija. Kifuko kinazidi kutanuka. Mwisho wake ni mmoja kati ya miwili: ute unaziba mrija wa nyongo, au ukuta wa kifuko uliovutika unakosa damu, unakufa na kupasuka.

Mbwa yeyote anaweza kuupata, lakini baadhi ya koo zimeonekana kuathirika zaidi, zikiwemo Shetland Sheepdog, Miniature Schnauzer, Cocker Spaniel na Border Terrier. Umri wa kati hadi uzee ndio wakati wake. Wenye mafuta mengi kwenye damu wamo hatarini, na vilevile wenye tezi ya thairoidi iliyolegea na wenye ugonjwa wa Cushing, ambapo mwili unazalisha kotisoli nyingi mno. Ukimwona mbwa anakunywa maji kupita kawaida, mpimie: jaza bakuli kwa kipimo, na baada ya saa 24 toa kilichobaki. Zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ni nyingi, hata kama joto limepanda. Ukiongeza na manyoya kunyonyoka mbavuni, tumbo kuning'inia na kuhema akiwa amelala, peleka habari hiyo kwa daktari pamoja na daftari lako. Wakati mwingine mlango wa kuufikia ugonjwa wa nyongo ni ugonjwa huu wa Cushing.

Dalili zenyewe hazina jina lao. Kukosa hamu ya kula, uchovu, kutapika, kuhara, homa: mambo haya yanafanana na magonjwa mengine 20. Mawili yanafaa kuangaliwa kwa makini zaidi. La kwanza ni mkao wa maumivu ya tumbo: mbwa anashusha kifua na miguu ya mbele chini huku makalio yamebaki juu. Mbwa anayetaka kucheza hufanya hivyo pia, lakini kwa sekunde chache na mkia ukipepea. Mwenye maumivu hukaa hivyo, anainuka, anajinyoosha, anarudia, na uso umezubaa. La pili ni umanjano. Uangalie mchana, karibu na dirisha, maana taa nyingi za ndani zina umanjano wake zenyewe. Inua ukope uone weupe wa jicho, kisha fizi, kisha ndani ya sikio pasipo na manyoya. Mkojo hutangulia: unakuwa wa rangi ya chungwa au kahawia kabla macho hayajabadilika. Kinyesi kikiwa cheupe kama majivu, ujue nyongo haifiki utumboni kabisa.

Mbwa mwenye macho ya manjano anayetapika, au aliyekakamaa tumbo, au asiyeweza kusimama, hasubiri asubuhi.

Kabla ya kufika kwa daktari ndipo makosa mengi hutendeka, tena kwa nia njema. Kubwa ni dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuumiza figo. Paracetamoli hupita kwenye ini lilelile ambalo tayari limeelemewa. Kosa la pili ni vidonge vya steroidi vilivyobaki tangu mbwa alipowashwa na ngozi. Mbwa huchangamka kwa siku 2, anakula, watu wanafurahi. Wakati huohuo steroidi inapandisha kimeng'enya cha ALP kwenye damu na kuchafua majibu ya vipimo, na maambukizi yaliyojificha yanapata nafasi. Ikiwa umeshampa, sema. Daktari hakulaumu, anahitaji kujua ili asome majibu sawasawa. La tatu ni kumbembeleza kwa vitu vitamu: ngozi ya kuku, siagi, mabaki ya nyama ya kukaanga. Kwa mbwa wa aina hii mafuta ni amri kwa kifuko kibane, nacho kimejaa kitu kisichotoka.

Vipimo vya damu vichukuliwe baada ya saa 12 bila chakula, maji yakiruhusiwa. Damu yenye mafuta ya mlo huwa kama maziwa, na mashine husoma vibaya. Kwenye karatasi ya majibu tazama hivi: kimeng'enya cha ALT huonyesha chembe za ini zinaumia, vimeng'enya vya ALP na GGT hupanda nyongo inapokwama, bilirubini ndiyo rangi inayoleta umanjano. Lakini kitu cha kwanza kutazamwa kwa mbwa wa manjano ni wingi wa damu yake. Kama damu imepungua sana, huenda chembe nyekundu zinavunjwa, kwa mfano na vimelea vinavyoletwa na kupe, na hapo nyongo haina kosa. Bakteria wa leptospira nao huleta umanjano na humwambukiza binadamu kupitia mkojo, kwa hiyo vaa glavu hadi ijulikane si wao.

Kuna sentensi moja inayopoteza miezi: "ALP imepanda kidogo, ni uzee." Uzee haupandishi ALP. Kuna kitu kinachoipandisha, na mara nyingine ni kidogo kweli, lakini kinastahili kutafutwa. Upande wa pili nao ni wa kweli: mbwa anaweza kuwa na mukosele na damu yake ikatoka safi. Karatasi nzuri ya damu haimalizi swali ikiwa daftari lako linasema vingine.

Jibu hutoka kwenye altrasaundi. Mbwa afunge kwa muda wa saa 8 hadi 12, kwa sababu utumbo wenye chakula na gesi unaficha mambo, na pia kifuko hujaa vizuri tumbo likiwa tupu. Atanyolewa tumbo, usikatae, picha kupitia manyoya ni ya kubahatisha. Jambo muhimu kuliko yote katika kipimo hiki ni kumgeuza mbwa. Tope la kawaida la nyongo, akigeuzwa au akisimamishwa, huteremka kufuata uzito wake. Ute ulioganda haubanduki. Mukosele iliyokomaa inaonekana kama tunda la kiwi lililokatwa: kiini cheusi au cha kijivu na mistari inayotawanyika kutoka katikati kwenda ukingoni. Kabla ya kukomaa haina sura hiyo nzuri ya vitabuni, ina tope lisilosogea na ukingo mweusi kandokando, na hapo ndipo jicho lenye uzoefu lina thamani.

Omba ripoti ya maandishi na picha zenyewe, siyo maneno ya mdomo tu. Ripoti iseme unene wa ukuta wa kifuko, ambao kwa kawaida hauzidi milimita 2 hadi 3. Upana wa mrija mkuu wa nyongo, kawaida hadi milimita 3. Kama yaliyomo yanasogea. Hali ya kongosho. Na kama kuna maji kuzunguka kifuko au mafuta ya jirani yanayong'aa kupita kawaida. Hayo mawili ya mwisho ni ishara kwamba ukuta umevuja au unakaribia kuvuja. Ukiwa na ripoti hiyo mkononi, daktari wa pili anaweza kulinganisha picha ya leo na ya miezi 3 ijayo. Bila hiyo kila mmoja anaanza upya, na wewe unalipa upya.

Wengi wanaoambiwa "ana tope kwenye nyongo" hawalali usiku ule. Tope linalosogea, peke yake, huonekana kwa mbwa wengi wazee wasio na ugonjwa wowote. Halihitaji kisu. Linahitaji kutafutwa kama kuna tatizo la thairoidi, la kotisoli au la mafuta kwenye damu, na picha irudiwe baada ya miezi 3 hadi 6. Hali hubadilika tope linapoacha kusogea. Kuanzia hapo, kwa maoni yangu, mtu aanze kuzungumza na daktari mpasuaji, hata kama mbwa anakimbia uani na kula vizuri.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii yote. Uamuzi mgumu huja mbwa akiwa haonekani mgonjwa. Kumpeleka mbwa mchangamfu kwenye kisu kunauma moyo, na neno "tusubiri tuone" linaonekana kuwa la huruma. Tazama hesabu. Katika uchunguzi uliochapishwa 2018 kuhusu mbwa waliotolewa kifuko, waliofanyiwa kwa mpango, wakiwa bado wazima, walikufa kama 2 kwa kila 100. Waliofanyiwa baada ya kuzidiwa walikufa kama 20 kwa kila 100. Operesheni ni ileile na kiungo ni kilekile. Siku ndiyo iliyotofautiana. Mbwa wa manjano huingia chumbani damu yake haigandi vizuri, shinikizo la damu limeshuka, pengine na bakteria tumboni. Dawa ya usingizi peke yake inaweza kummaliza.

Wapo ambao upasuaji hauwafai: moyo dhaifu, figo zilizochoka, au mwenyewe hana uwezo wa kulipia. Hilo la mwisho lisemwe bila aibu, mapema, ili daktari apange kinachowezekana. Dawa inayotumika zaidi ni ursodioli, ambayo huifanya nyongo iwe nyepesi na itiririke. Kiwango chake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku, mara moja au kwa kugawa mara 2, pamoja na chakula. Mbwa wa kilo 10 basi anapata miligramu 100 hadi 150 kwa siku nzima. Vidonge vya binadamu mara nyingi ni vya 250 au 300, na kosa la kumpa kizima hutokea kirahisi. Omba daktari au mfamasia akugawie. Isitolewe kamwe ikiwa mrija umeziba kabisa, kwa maana inaongeza msukumo mahali pasipo na njia ya kutokea. Mara nyingi huongezwa SAMe, ya kulinda ini, ambayo hutolewa tumbo likiwa tupu, angalau saa 1 kabla ya kula, na kidonge hakivunjwi, maana ganda lake ndilo linalokilinda dhidi ya asidi. Kuna mukosele chache zilizowahi kuyeyuka kwa dawa, hasa thairoidi iliyolegea ilipotibiwa. Ni chache. Anayechagua dawa akubali pia kurudia altrasaundi kila wiki 4 hadi 8 mwanzoni, na ajue kwamba picha hizo zikijumlishwa zinaweza kukaribia gharama ya upasuaji uliokwepwa.

Kuhusu fedha, omba makadirio yenye pande mbili: cha chini kila kitu kikienda sawa, na cha juu mambo yakiharibika. Vitu vinavyosahaulika ni siku za ziada za kulazwa, usimamizi wa usiku, plazma (sehemu ya majimaji ya damu) au damu, kuotesha bakteria maabara, kupima kipande cha ini, na vipimo vya damu vya kurudia baada ya kuruhusiwa. Mtu akijiandaa kwa bei ya chumba cha upasuaji tu, anajikuta siku ya 3 anaamua mambo ya uhai kwa presha ya mfuko.

Ukishakubali, yapo maswali ya kumuuliza mpasuaji. Ameshatoa vifuko vingapi? Atausafisha mrija mkuu kwa kupitisha mpira mwembamba na maji, kuhakikisha ute haukubaki humo? Wengine hufunga kifuko na kutoka, na kipande cha ute kilichobaki mrijani kinaleta umanjano mpya baada ya siku chache. Je, kuna mtu wa kukaa na mbwa usiku mzima? Kama jibu la hili ni hapana, na mbwa tayari ni mgonjwa, tafuta kwingine ikiwa kuna njia yoyote. Saa 48 za mwanzo ndizo zinazoamua, na shinikizo la damu halisubiri watu warudi kazini.

Kabla ya kisu hupimwa muda wa damu kuganda. Mwili hunyonya vitamini K kwa msaada wa nyongo; nyongo isipofika utumboni kwa siku kadhaa, vitamini hiyo inapungua na damu inakataa kuganda. Tiba ni vitamini K1 kwa sindano chini ya ngozi, na muda ukiruhusu huanza saa 12 hadi 24 kabla ya upasuaji. Ikiwa hakuna muda, plazma. Hupimwa pia madini ya damu, sukari na shinikizo, na dripu huanza. Kama kuna maji tumboni, daktari huvuta kidogo na kupima bilirubini yake: ikizidi mara 2 ile ya kwenye damu, nyongo imeshamwagika. Nyongo isiyo na bakteria inaweza kukaa tumboni siku kadhaa huku mbwa amepoa tu na kulalalala. Yenye bakteria humwangusha kwa muda mfupi.

Kifuko kinatolewa kizima. Kukipasua, kukisafisha na kukishona hakufai kwa mukosele, kwa kuwa utando unaotoa ute unabaki na ukuta wenyewe huenda umekufa sehemu. Ini litaendelea kutengeneza nyongo, nayo itadondoka moja kwa moja utumboni kidogokidogo. Mbwa huishi vizuri bila kifuko. Hakikisha vitu 2 vinapelekwa maabara: nyongo au kipande cha ukuta cha kuoteshwa, kwa bakteria wanaohitaji hewa na wasioihitaji, na kipande cha ini. Bakteria wa utumbo ndio wanaopatikana zaidi, na bila kuotesha, antibiotiki itakuwa ya kukisia.

Siku za wodini humchosha mwenye mbwa kuliko mbwa. Simu inaogopesha. Ulizia mambo manne kila siku: shinikizo la damu, amekula, ametapika, bilirubini imeelekea wapi. Bilirubini hushuka polepole, na umanjano wa ngozi hubaki nyuma ya namba kwa siku kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa kwa kumwona bado ni wa manjano. Kinachostahili hofu ni homa mpya, tumbo kujaa, kupumua kwa shida, au bilirubini iliyokuwa inashuka kugeuka kupanda. Kongosho kuvimba baada ya kuguswa, nyongo kuvuja pale kifuko kilipokatwa na kufungwa, na damu kuganda na kukimbilia mapafuni ni matatizo yanayojulikana ya siku hizi. Mbwa asipokula kwa siku 2 hadi 3, mpira wa kulishia si dalili ya kushindwa. Ini linalopona linahitaji chakula, na mbwa mwenye mpira wa puani au shingoni hupewa chakula na dawa bila vita.

Nyumbani, andaa kabla hajafika: pembe tulivu isiyo na ngazi, godoro la kufulika, kola ya plastiki ya shingoni, kipimajoto, na karatasi kubwa ya ratiba ya dawa ukutani yenye nafasi ya kuweka alama. Watu 2 wakihudumia bila karatasi, dozi moja hutolewa mara 2 au haitolewi kabisa. Milo iwe midogo, mara 4 hadi 6 kwa siku katika wiki ya kwanza, ya uvuguvugu. Matembezi ni ya kwenda haja tu, kwa kamba, siku 10 hadi 14, hadi nyuzi zitolewe. Kola isivuliwe kwa huruma. Mshono wa tumbo hufunguliwa na ulimi ndani ya dakika chache ulizotoka chumbani. Tazama mshono asubuhi na jioni. Joto la mbwa mzima ni kati ya 38 na 39.2; likizidi 39.5, piga simu. Kinyesi laini kwa wiki chache hutokea, kwa sababu nyongo sasa inatiririka muda wote. Kutapika mara 2 au zaidi kwa siku moja, au kukataa chakula saa 24, si sehemu ya kupona kwa kawaida.

Antibiotiki imalizwe kama ilivyoandikwa, na majibu ya kuotesha yakifika, piga simu mwenyewe uulize kama dawa anayotumia inawaweza bakteria waliopatikana. Karatasi hizo hukaa kwenye mafaili.

Baada ya wiki 2 za kwanza hatari kubwa inakuwa imepita, na mbwa waliovuka hapo wengi huishi miaka yao. Damu hurudiwa siku ya 10 hadi 14, kisha wiki ya 4 hadi 6, kisha kila miezi 3 hadi 6. ALP hushuka mwisho. Isiposhuka kabisa, rudini kwenye chanzo: kotisoli, thairoidi, mafuta ya damu. Kifuko kimeondoka, lakini kilichokiharibu huenda bado kipo.

Chakula cha mafuta kidogo kinabaki, na hapa lebo huwadanganya watu bila kusema uongo. Mkebe ulioandikwa mafuta 4% na maji 78% una sehemu kavu ya 22% tu. Gawa 4 kwa 22, unapata mafuta kama 18% ya chakula halisi. Punje kavu zilizoandikwa mafuta 10% na maji 10%: gawa 10 kwa 90, ni kama 11%. Mwenye mbwa aliyechagua mkebe kwa sababu 4 ni ndogo kuliko 10 amemwongezea mafuta. Fanya hesabu hii kwa kila kitu anachokula, pamoja na vitafunio na kile unachofichia vidonge. Jibini na siagi ya karanga ndivyo vinavyotumika sana kuficha dawa, na vyote ni mafuta. Siagi ya karanga pia isome viungo, maana nyingine zina zailitoli, sukari ya kubuni inayomuua mbwa kwa kiasi kidogo. Kipande cha kuku mweupe wa kuchemshwa, bila ngozi, kinaficha kidonge vilevile. Ukimpikia nyumbani kwa muda mrefu, daktari wa lishe ya wanyama apange vipimo, kwa sababu kuku na wali peke yake havina kalsiamu ya kutosha.

Mrija wa nyongo bado upo, na unaweza kuziba kwa kongosho lililovimba au ute uliobaki. Mkojo wa rangi ya chungwa miezi 8 baada ya upasuaji una maana ileile uliyokuwa nayo mwanzo. Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi yake ya matibabu, kwa herufi kubwa: kifuko cha nyongo kimetolewa, tarehe, jina la bakteria waliooteshwa, majibu ya kipande cha ini. Siku akiugua mbali na nyumbani, daktari asiyemfahamu ataanzia hapo, wala hatapoteza nusu saa na mashine ya altrasaundi akitafuta kifuko ambacho hakipo.